Jibu la Mtaalamu: Bustani Inayodai Mbolea na Dawa Zaidi Kila Mwaka

Swali: Nina bustani ya maua, miti michache, kipande cha nyasi na tuta dogo la mboga. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka mbolea ya dukani na kupulizia dawa kila ninapoona wadudu. Kila mwaka natumia zaidi, na kila mwaka matokeo yanapungua. Udongo umekuwa mgumu, maji yanatiririka juu badala ya kuzama, na wadudu hawakomi. Nataka kumwajiri mtunza bustani anayefanya kazi kwa njia endelevu, lakini kila ninayezungumza naye ananiambia yeye ni rafiki wa mazingira. Wewe ulijifunzaje kazi hii, unaifanyaje, na nitamtambuaje anayeijua kweli? Na je, niache dawa zote leo?

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilikosea ndilo litakalokuumiza mapema. Usiache dawa zote leo halafu ukae ukisubiri. Bustani iliyozoeshwa kupuliziwa haina tena wadudu walinzi. Ukiacha ghafla bila kuandaa kitu kingine, waharibifu huzaana haraka kuliko maadui zao, na msimu wa kwanza utajuta. Upo utaratibu wa kutoka hapo ulipo, na nitaueleza. Lakini umeuliza pia nilikotoka, nalo ni swali la haki: mtu unayemkabidhi udongo wako unapaswa kujua kazi aliijifunzia wapi.

Nilianzia kitaluni, nikijaza udongo kwenye viriba na kuhamisha miche. Ni kazi ya kuchosha na wengi huiacha mapema, ila ndiyo iliyonifundisha kuutazama mmea kuanzia chini. Msimamizi wetu hakuruhusu mche wowote uondoke kabla hatujauchomoa kwenye kiriba na kukagua mizizi. Ikiwa myeupe na imesambaa vizuri kwenye udongo, mche unaondoka. Ikiwa ya kahawia na inanuka, au imejizungusha kufuata ukuta wa kiriba, mche unabaki, hata kama majani yake yanang'aa. Mti uliopandwa na mizizi iliyojizungusha unaweza kupendeza kwa miaka kadhaa kisha ukadumaa, kwa kuwa mizizi ile huendelea kunenepa hadi inalikaba shina lenyewe. Mpaka leo sinunui mche bila kuuchomoa kwanza, na muuzaji anayekataa nisiuchomoe namwachia mche wake.

Baadaye nilikwenda chuo nikasoma kilimo cha bustani: kemia ya udongo, magonjwa ya mimea, wadudu na maisha yao. Huko nilipata sababu za mambo niliyokuwa nikiyaona kwa macho. Kisha nikaajiriwa katika bustani kubwa ya umma, ambako majani yote yaliyoanguka na matawi yote yaliyopogolewa yalirundikwa mahali pamoja na kurudishwa ardhini yakiwa mboji au matandazo. Hatimaye nikaingia kwenye bustani za watu binafsi, ambako niko hadi sasa. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ilikuwa kubwa. Kule kwenye bustani ya umma hakuna jani lililotupwa. Majumbani, kazi ya kwanza niliyopewa mara nyingi ilikuwa kufagia kila jani, kulitia kwenye mfuko na kulitoa nje. Kazi ya pili ilikuwa kufungua mfuko wa mbolea ulionunuliwa, ili kurudisha kwa fedha kile kile tulichokwisha kukitupa.

Msingi wa kazi yangu uko hapo. Nikiitwa kwenye bustani mpya, kabla sijagusa chochote nauliza vitu gani vinaingia getini na vitu gani vinatoka. Mifuko ya mbolea, chupa za dawa, udongo wa kuoteshea, maji ya bomba: hivyo vinaingia. Majani, nyasi zilizokatwa, matawi, na udongo unaosombwa na mvua: hivyo vinatoka. Bustani endelevu, kwa kipimo changu, ni ile ambayo mambo hayo yote mawili yanapungua mwaka hadi mwaka huku yenyewe ikizidi kustawi. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakihitaji kumwamini mtu. Yeyote anaweza kujiita rafiki wa mazingira, lakini mifuko inayopita getini inahesabika.

Kuna sababu kubwa kuliko fedha zako. Mbolea ya nitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa njia aliyoigundua Fritz Haber na iliyokuzwa hadi kiwandani na Carl Bosch mwanzoni mwa karne ya 20. Njia hiyo imelisha watu wengi mno na siibezi hata kidogo. Lakini hula takribani asilimia 1 hadi 2 ya nishati yote inayotumika duniani, na ile nitrojeni ambayo mizizi haikuiwahi husombwa kwenda kwenye visima na mito, au hupanda hewani ikiwa oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kwa uzito ule ule hupasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kaboni dioksidi. Mkulima anayelisha watu ana hoja ya kuitumia kwa kipimo. Kwenye bustani ya maua ambayo inatupa majani yake yenyewe, mimi sioni hoja hiyo.

Hali kadhalika mifuko ya udongo mwepesi wa kuoteshea. Mingi ina piti, yaani mabaki ya mimea yaliyochimbwa kwenye ardhi oevu, ambayo hujengeka kwa takribani milimita 1 tu kwa mwaka. Ardhi hizo zimefunika karibu asilimia 3 ya nchi kavu, lakini zimefungia kaboni nyingi kuliko miti na mimea ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Soma lebo ya mfuko. Mboji iliyochekechwa ikichanganywa na mchanga na udongo wa kawaida huotesha mbegu nyingi vizuri kabisa.

Tuje sasa kwenye udongo wako uliogeuka mgumu, kwa maana humo ndimo tatizo lako lilimoanzia, na wadudu wamefuata baadaye.

Udongo hai haukai kama unga. Umeshikana katika mabonge madogo madogo, na kati ya bonge na bonge kuna nafasi za hewa na maji. Kinachoyashikilia mabonge hayo ni utando na ute wa bakteria, nyuzi za kuvu, na sukari ambayo mizizi yenyewe huitoa ili kuwalisha viumbe hao. Viumbe wasipopata cha kula, yaani mabaki ya mimea, gundi hiyo inakwisha. Mvua ikipiga udongo ulio wazi, mabonge yanavunjika, chembe laini zinaziba vitundu, na juu panatanda ukoko. Maji hayaingii tena. Mbolea ya chumvichumvi inaulisha mmea lakini haiwalishi wajenzi wa udongo, na fosforasi ikizidi, zile kuvu zinazoishi na mizizi na kuisaidia kutafuta maji na madini hupungua, kwani mmea hauoni haja ya kuzilisha. Ndiyo maana unaongeza mbolea na matokeo yanapungua.

Hili unaweza kuliona mwenyewe wiki hii. Chukua bonge la udongo lenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba kutoka kwenye kitanda chako cha maua, na jingine kutoka mahali ambapo hapajawahi kulimwa wala kufagiwa, labda pembeni ya uzio au chini ya mti ambao majani yake yamelala kwa muda. Yaache yakauke ndani ya nyumba kwa siku kadhaa. Kisha jaza maji kwenye glasi mbili safi na ulitumbukize kila bonge taratibu, ukiliweka juu ya kipande cha wavu ili lisizame hadi chini. Usikoroge. Bonge la udongo uliochoka hutoa mapovu, huvunjika ndani ya dakika chache na maji hugeuka tope. Bonge la udongo wenye uhai hukaa pale pale, maji yakibaki karibu safi. Nimewaonyesha wenye bustani wengi jaribio hili, na huwa silazimiki kuongeza maneno.

Kisha chimba shimo la koleo moja, kina cha sentimita 30 hivi, ulitoe bonge zima na ulivunje kwa mikono juu ya turubai. Tazama mizizi inaishia wapi: ikigeuka ghafla na kwenda mlalo, kuna tabaka lililoshindiliwa hapo. Nusa. Udongo wenye hewa una harufu ile ya mvua ya kwanza. Usio na hewa unanuka yai bovu. Tafuta minyoo ya ardhini na vishimo vyao. Charles Darwin alitumia miaka mingi kuwachunguza viumbe hao, na mwaka 1881, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alichapisha hoja yake kwamba wanaupindua udongo wa juu wa nchi nzima kwa kuupitisha matumboni mwao. Wakiwepo, wamekwisha kuanza kazi ya kulima kwa niaba yako, basi usiwakatekate kwa jembe kila msimu. Mimi nalima mara moja tu, pale ninapokuta tabaka lililoshindiliwa, na hapo hutumia uma wa bustani: nauchoma, nauyumbisha, nauchomoa, bila kugeuza udongo. Baada ya hapo mboji huwekwa juu, na viumbe huishusha wenyewe. Jambo jingine ni kutokanyaga udongo uliolowa. Weka njia za kupita na uzifuate.

Kabla ya kununua mfuko mwingine wowote wa mbolea, peleka sampuli ya udongo maabara. Mara nyingi bustani iliyowekewa mbolea kwa miaka huwa na fosforasi tele na haihitaji nyingine kwa muda mrefu. Angalia pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo: mimea mingi ya bustani hustawi kati ya 6 na 7, na ikitoka mbali na hapo madini yaliyomo ardhini hufungika hata kama yapo mengi.

Mboji ndiyo itakayopunguza mifuko yako ya pande zote mbili. Albert Howard, Mwingereza aliyefanya utafiti Indore, India, katika miaka ya 1920, alijenga utaratibu wake wa mboji kwa kujifunza kwa wakulima wa huko, na kanuni zake hazijachakaa. Unahitaji vitu vikavu vya kahawia, kama majani makavu, vijiti vilivyokatwakatwa na karatasi zisizo na rangi, na vitu vibichi, kama nyasi, maganda na magugu ambayo hayajatoa mbegu. Kwa hesabu ya kemia tunatafuta kaboni 25 hadi 30 kwa nitrojeni 1; kwa hesabu ya ndoo, mbili au tatu za vitu vikavu kwa moja ya vibichi inatosha. Rundo liwe na angalau mita 1 kila upande, la sivyo halishiki joto. Chukua kiasi mkononi ukiminye: yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike. Likipangwa vizuri, ndani ya siku chache katikati hufika digrii 55 hadi 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa, mradi uligeuze ili za pembeni nazo ziingie katikati. Likinuka, limekosa hewa: geuza na ongeza vikavu. Lisipopata joto, limekosa maji au vibichi. Usipokuwa na nguvu ya kugeuza, acha tu. Litaoza polepole kwa mwaka mzima na bado litafaa, ila magugu yenye mbegu usiyatie.

Hapa kuna tahadhari ambayo watunza bustani wengi hawaijui. Ukinunua samadi au majani makavu ya malisho kutoka nje, ujue kwamba zipo dawa za kuua magugu ya majani mapana ambazo hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, zikapita hata kwenye mboji, na kuua mboga na maua yako. Kabla ya kuisambaza samadi usiyoijua, changanya kidogo na udongo kwenye vyungu viwili vitatu, panda maharagwe, na vingine upande bila samadi hiyo. Subiri majani halisi yatoke, yaani yale yanayofuata baada ya yale mawili ya kwanza. Yakijikunja na kujisokota kwenye vyungu vyenye samadi peke yake, usiiweke popote.

Matandazo ni dawa ya haraka zaidi kwa ukoko ulioueleza. Tabaka la sentimita 5 hadi 8 la majani makavu au vipande vya matawi vilivyosagwa huvunja nguvu ya matone ya mvua, huzuia jua lisikaushe udongo, na huyanyima magugu mwanga. Wengi wanahofia kwamba vipande vya miti vitafyonza nitrojeni yote. Hilo hutokea ukivichanganya na udongo. Vikikaa juu, upungufu huwa ni wa ule utando wa juu kabisa tu. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina la kila mti. Matandazo yaliyorundikwa kwenye shina huliweka na unyevu usiokauka, gamba huoza, na mti mzima unaweza kufa kwa sababu ya jambo lililofanywa kwa nia njema.

Kuhusu maji sitasema mengi. Mwagilia kwa nadra na kwa wingi ili maji yafike chini, maana mizizi hufuata maji. Anayenyunyiza kidogo kila siku anaifundisha mizizi kubaki juu inakoungua. Tumbukiza kidole hadi sentimita 5 kabla ya kufungua bomba, kama kuna unyevu acha. Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, kwa kuwa majani yanayolala yamelowa hukaribisha kuvu. Na tega maji ya paa: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 2,000.

Nyasi nazo ni jambo jepesi. Usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, noa kisu cha mashine, na vipande uviache pale pale vilipoanguka. Vinaoza haraka na kurudisha nitrojeni yake. Mahali ambapo nyasi zinakataa kuota kwa sababu ya kivuli, acha kuzilazimisha; panda kitu kinachopenda kivuli.

Sasa wadudu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha na subira.

Chukua vidukari, ambao bila shaka unawajua: wadudu wadogo laini, wa kijani au weusi, waliojazana kwenye ncha changa na chini ya majani. Jike huzaa bila kuhitaji dume, tena huzaa watoto hai, na katika joto la kutosha watoto hao nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Dawa inayoua kila kitu inawaua wengi wao, lakini pia inawaua wanaowala, ambao huzaana polepole zaidi. Vidukari wachache waliojificha kwenye mikunjo ya majani hubaki, na sasa wana bustani isiyo na adui hata mmoja. Baada ya wiki mbili tatu wamerudi wengi kuliko mwanzo, nawe unarudi dukani. Utitiri, vijidudu vidogo mno vinavyofyonza majani, ndio hatari zaidi kwa mtindo huo: mara nyingi mlipuko wake huletwa na dawa iliyopigwa kwa ajili ya mdudu mwingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kupulizia, ligeuze jani na ulitazame kwa karibu, kwa lenzi ukiwa nayo. Ukiona kati yao vidukari waliovimba, wakavu, wenye rangi ya kaki na tundu la duara mgongoni, nenda ukafanye kazi nyingine. Nyigu mdogo wa milimita chache alitaga yai ndani ya kila mmoja wao. Funza wake akala kilichomo, akakua, akatoboa lile tundu na kutoka, na sasa yuko bustanini anatafuta wengine wa kutagia. Ukiona mdudu mrefu wa kijivu cheusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa akitembea kwa kasi kati ya vidukari, usimponde. Wengi humwua wakidhani ndiye mharibifu, kumbe ni mtoto wa yule mdudu wa mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, na hadi awe mtu mzima atakuwa amekula mamia ya vidukari. Na ukiona sisimizi wakipanda shina kwa mstari, wamefuata utamu unaotolewa na vidukari, na huwafukuza walinzi ili wasiuharibu. Funga karatasi ngumu yenye gundi ya kunasa kuzunguka shina, sisimizi washindwe kupanda, na mara nyingi walinzi watamaliza shughuli wenyewe.

Jiulize pia ni nini kilichowaita. Mmea uliozidishiwa nitrojeni hutoa machipukizi laini yenye utomvu uliojaa vyakula wanavyovitaka. Mbolea yako na dawa yako zimekuwa zikitafutiana soko.

Utaratibu wa kutoka kwenye dawa naufanya hivi. Kwanza tunasimamisha upuliziaji wa ratiba, ule wa kila wiki mbili hata kama hakuna tatizo. Papo hapo tunapanda maua madogo yaliyo wazi: giligilani, bizari na shamari zikiachwa zichanue, pamoja na maua ya asili ya mahali ulipo, yapangwe ili kuwe na kitu kimechanua wakati wote. Nyigu wale wadogo, wakiwa watu wazima, hutegemea nekta, yaani maji matamu ya ua, na vinywa vyao haviwezi kuifikia kwenye maua marefu. Kisha tunaacha dawa kabisa kwenye mimea ya mapambo inayoweza kuvumilia matundu kwenye majani. Mboga na ile mimea inayougua kila mwaka huwa ya mwisho. Katika kipindi hicho, mdudu akizidi, tunaanza na maji ya nguvu ya bomba kuwaangusha, kisha mikono, kisha sabuni laini ya maji, mililita 10 hadi 20 kwa lita, iliyojaribiwa kwanza kwenye majani machache na isiyopigwa juani; hiyo huua kwa kugusa tu na haibaki. Mafuta ya mwarobaini yanafuata. Dawa kali zaidi ikilazimika, iwe ya mdudu huyo mmoja, ipigwe jioni, na kamwe isipigwe kwenye ua lililochanua. Jihadhari na zile zinazosafiri ndani ya utomvu, kwa kuwa hata ukiziweka ardhini hufika kwenye chavua na nekta. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya tatu kati ya hizo mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki.

Mwaka wa kwanza utaona matundu. Yavumilie. Kwa kawaida mimi hutarajia mizani kuanza kukaa sawa kuanzia msimu wa pili, na mmea unaougua hata baada ya hapo namshauri mwenye bustani aung'oe, apande kitu kinachopafaa mahali hapo. Kuna mimea ambayo hakuna utunzaji utakaoiokoa, kwa sababu imepandwa kwenye jua ikitaka kivuli au kwenye maji ikitaka ukavu.

Kuhusu kumtambua anayeijua kazi: cheti peke yake hakitoshi, na miaka mingi peke yake haitoshi pia, kwani mtu anaweza kupulizia dawa kwa miaka ishirini bila kujifunza chochote kuhusu mdudu. Mwonyeshe jani lenye wadudu umuulize hawa ni akina nani. Anayetaja dawa kabla ya kutaja mdudu, mshukuru na umuage. Muulize majani yako atayapeleka wapi. Muulize mkasi wake anausafisha na nini akitoka kwenye mmea mgonjwa. Spiriti ya asilimia 70 ni jibu zuri.

Kisha mpeleke kwenye mti umuulize tawi nene atalikata wapi. Tawi linapoungana na shina kuna uvimbe kidogo, na ndani yake mti una uwezo wa kuzungushia jeraha ukuta wake. Mmarekani Alex Shigo aliyapasua maelfu ya magogo kwa msumeno ili kuuona ukuta huo, na tangu kazi yake tunajua kukata nje kidogo ya uvimbe, bila kuukata wenyewe na bila kuacha kisiki kirefu. Tawi zito hukatwa kidogo kutoka chini kwanza, mbali na shina, ndipo likatwe kutoka juu, ili lisichane gamba linapoanguka. Jeraha halipakwi rangi, kwa kuwa rangi huficha unyevu na haizuii kuoza. Mtu anayependekeza kuukata mti kichwa ili usiwe mrefu, usimruhusu auguse. Machipukizi yatakayotoka hapo hushikilia kwenye gamba la juu tu, hukua haraka, na siku ya upepo huanguka.

Zaidi ya yote, omba uone bustani aliyoitunza kwa miaka mitatu au zaidi. Bustani iliyopandwa mwezi jana hupendeza hata ikipandwa na asiyejua. Ukiwa huko, ingiza kidole ardhini na uwaulize wenyewe ni mifuko mingapi wananunua sasa.

Limebaki jambo la chupa zilizo stoo kwako. Usizimwage kwenye mfereji, chooni, wala kwenye rundo la mboji. Ziache kwenye chupa zake zenye lebo, zifungie mbali na watoto na chakula, na uiulize mamlaka ya eneo lako au aliyekuuzia mahali zinapopokelewa taka za kemikali. Chupa tupu zitoboe kabla ya kuzipeleka huko, ili asije mtu akaitumia mojawapo kutilia maji ya kunywa.